Shangazi, wifi anataka tulale kwake Kisumu na mimi natafuta gesti

Shangazi hujambo,

Safu yako naisoma kitambo lakini sijawahi kuandika, leo nimeamua niandike juu kuna kitu inaninyima usingizi na kila mtu nikimuuliza ananipea jibu lake mpaka nachanganyikiwa zaidi.

Niko Nakuru, huku Free Area, nina watoto wawili, msichana wa miaka 11 na mvulana wa miaka 6, alafu kuna mamangu ambaye ana miaka 73 na yeye ndiye sababu ya hii safari yote. Mama aliolewa akiwa mdogo na baba alikuwa mtu wa reli, wakaishi Kisumu kwa zile nyumba za reli mpaka mwaka 1979 baba akahamishwa kuja Nakuru, na tangu hiyo siku mama hajarudi Kisumu hata mara moja, ni maisha tu, watoto, karo, shamba, unajua. Baba alituacha mwaka juzi. Sasa tangu wakati huo mama anataja Kisumu kila saa, mara samaki ya huko haikuwa kama hii ya barafu tunayonunua hapa, mara honi ya treni usiku, na siku ya Pasaka tukiwa mezani akasema tu polepole, "Ningependa kuona ziwa tena kabla sijafunga macho." Shangazi, chakula ilinikwama hapa kwa koo. Nikasema Agosti shule zikifungwa lazima nimpeleke.

Nimeweka kidogo kidogo na chama imenisaidia, sai niko na 40,000 ya watu wanne, kwenda na kurudi, siku nne usiku tatu. Bwanangu hawezi kuja juu ya kazi.

Shida ya kwanza ni ya kulala. Wifi yangu, dada ya bwanangu, anaishi Kisumu, Migosi, nyumba ya vyumba viwili vya kulala, yeye na bwana yake na watoto watatu, floo ya tatu na hakuna lifti. Aliposikia natafuta gesti alikasirika, akaniuliza kwani mnalala nje kama watu hawana kwao? Na bwanangu naye anasema tukilala kwingine tumemdharau dada yake. Wifi ni mtu mzuri sana, nampenda, ndiye alinikalia hospitali nikijifungua huyu wa pili. Lakini mama ana magoti mabaya na presha, usiku anaamka kwenda choo mara tatu, na nikimuuliza anapenda kulala wapi anasema "popote mtakapoamua ni sawa." Hiyo sawa yake naijua na siiamini.

Shida ya pili, kuna nyumba niliona Facebook, inaonyesha ziwa kabisa kutoka kwa balkoni, bei chini sana, lakini mwenyewe anataka nimtumie pesa ya usiku zote tatu leo leo kwa namba yake ama apeane kwa mtu mwingine. Nimekaribia kutuma mara mbili.

Shida ya tatu msichana wangu ameandika listi ya mahali pa kwenda, ametoa TikTok: Impala ile ya wanyama, Hippo Point, Dunga, Kit Mikayi, kisiwa cha Ndere, Kogelo, msitu wa Kakamega, soko ya Kibuye, kupiga picha kwa ikweta pale Maseno, na kuogelea ziwani. Siku nne Shangazi. Sitaki kumvunja roho lakini pia sitaki mama arudi amechoka kuliko vile alienda. Tafadhali nisaidie.

Mama wa wawili, Nakuru

Binti yangu, pole kwa kumpoteza baba, na asante kwa kumsikiliza mama siku hiyo ya Pasaka, manake wengi tungesikia hayo maneno tuseme "haki mama usiongee hivyo" alafu tuendelee kula.

Kuna kitu moja kwa barua yako ambayo nyote mnazunguka bila kuitaja. Mama yako akiingia kwa nyumba ya wifi yako yeye si mgeni tu, ni mkwe. Amemzaa mke wa kaka yake mwenye nyumba. Na wewe unajua wazee wetu huku magharibi, Wajaluo, Waluhya, wengi bado wanaona mama mkwe halali hivi hivi kwa wakwe zake, anaweza kuja, apikiwe, aheshimiwe, lakini usiku ukifika kuna mpaka. Sasa fikiria mama wa miaka 73 anatoka chumbani saa nane usiku na leso, anapita sebuleni ambapo watoto wamelala chini, anaenda choo moja inayotumiwa na watu tisa, akiomba Mungu asikutane na bwana wa wifi kwa korido. Ataanza kukataa maji ya kunywa jioni ndio asiamke, na mtu wa presha kwa joto la Kisumu hafai kukaa bila maji. Hiyo ndiyo iko ndani ya "popote ni sawa." Hawezi kukwambia juu akisema ataonekana anakataa wakwe zake.

Kwa hivyo mlale gesti, hiyo kwangu haina mjadala. Kitu ya kupangwa vizuri ni namna wifi ataambiwa.

Usimwandikie WhatsApp. Na usimpigie wewe, apige bwanako, ni dada yake. Amwambie hivi kwa sauti: mama mkwe wangu anakuja, nataka nimpe heshima yake ya mkwe na peke yangu siwezi nikiwa Nakuru, nisaidie. Dada yeyote aliyelelewa huko akisikia neno mkwe ataelewa bila kuongezewa, na hasira itaisha hapo, manake mwanzoni alisikia "nyumba yako ni ndogo" na sasa anasikia "tunahitaji mtu mkubwa huko." Alafu mpeni kazi kabisa. Yeye ndiye atakwenda kuangalia gesti kwa macho, akalie kitanda, afungue bomba aone kama maji inatoka, ahesabu ngazi. Jumamosi kuanzia mchana iwe ni yake, chakula kwake, mama akae kwa kiti kizuri apewe samaki na heshima, na usiku huo watoto wako walale huko na binamu zao kwa mkeka wapige kelele wanavyotaka, wewe na mama mrudi gesti. Na msiende mikono mitupu, bebeni viazi vya Molo na karoti na kabeji za Nakuru, huko zitapokewa kuliko keki ya supamaketi.

Huyo wa Facebook usimtumie hata shilingi. Mtu ana nyumba ya ukweli ya kuona ziwa kwa bei ya chini, mwezi wa Agosti shule zimefungwa, kwa nini akuharakishe leo leo? Mwambie "dada yangu yuko Kisumu anakuja kuiona kesho asubuhi, nipe mahali ilipo," uone atajibu nini. Wengi hunyamaza hapo hapo. Akikubali, wifi aende, na bado ulipe dipositi ndogo tu, kiasi kingine ukishapewa ufunguo.

Sasa mahali pa kukaa. Mimi ningekaa Milimani. Ni mtaa umetulia, una miti, uko upande wa ziwani karibu na Impala, na tuktuk ya kwenda tao ama Dunga haiendi mbali. Katikati ya tao, pale Oginga Odinga na zile barabara zake, kila kitu kiko karibu lakini loji nyingi ziko juu ya baa ama maduka, ni ngazi na muziki mpaka usiku wa manane. Riat ni juu mlimani, hewa ni safi na ziwa unaliona lote, lakini kila ukitaka kushuka ni nauli na ukirudi giza limeingia utasumbuka. Kulala Dunga kwenyewe ni kuzuri ukiwa na vijana, ila mafunjo yako hapo hapo na pale pana mbu.

Tafuta zile gesti za kanisa. Sisemi hivyo kwa ajili ya dini, nasema kwa sababu nyingi ziko chini bila ghorofa, hakuna baa, asubuhi kuna chai na mayai, na bei haiumizi. Omba vyumba viwili vya kupakana, wewe na mama kimoja, watoto kingine, ama chumba kimoja kikubwa cha vitanda vitatu kama mama hapendi kutenganishwa nao. Kabla ya kulipa uliza: chumba kiko chini? Choo iko ndani na ni ya kukalia? Kuna neti isiyo na matundu na feni inayofanya kazi? Wakikujibu "tutaangalia" jua hakuna.

Hiyo ya neti usiichukulie rahisi. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu, Kisumu ni kama 1,130 kando ya ziwa, na huko malaria iko mwaka mzima. Watu wa huko miili yao imezoea kidogo, watoto wako wa Free Area hawajazoea, na mama hata kama aliishi huko, miaka zaidi ya 40 imepita, mwili umeshasahau. Wiki moja ama mbili kabla pitia kwa daktari anayemjua mama na presha yake umuulize kuhusu dawa ya kujikinga, usinunue tu kwa duka. Na mkisharudi, mtu akipata homa hata wiki tatu baadaye, mpelekeni apimwe malaria na mseme wazi mlikuwa Kisumu, manake Nakuru mtu anaweza kudhania ni baridi tu.

Njiani pia. Ni kilomita kama 180, saa tatu na nusu mpaka nne kama hakuna msongamano. Ondokeni asubuhi, si mchana, hiyo barabara ya Salgaa mpaka Mau Summit ina malori mengi na ukungu na imeua watu wengi, sitaki muipite na giza. Mama apewe kiti cha mbele ama kile cha mlangoni anaweza kunyoosha mguu, hata kama ni kuongeza mtu kitu kidogo akuachie. Awe na sweta mpaka Londiani, mkifika Ahero kwa mashamba ya mpunga ataitoa mwenyewe. Kericho mshuke, akojoe, atembee kidogo, na dawa zake zikae kwa mkoba wako, si kwa begi iliyofungwa nyuma ya gari.

Tuje kwa listi ya huyu msichana. Mwambie Shangazi ameipenda na ameikata. Mimi mwenyewe niliwahi kumpeleka mzee wangu mmoja Kisumu na mpango wa siku mbili umejaa kuanzia asubuhi, siku ya pili akaniomba tu nimwache akae chini ya mti aangalie maji, na nililia baadaye manake ile ndiyo kitu alikuwa ametaka tangu tutoke nyumbani. Mama yako ametaja ziwa, samaki na treni, ni hizo tatu. Safari ijengwe hapo alafu watoto wapate zao katikati, na kila siku ni vitu viwili peke yake, kimoja asubuhi kabla ya saa tano, kingine baada ya saa kumi. Hapo katikati jua la Kisumu si la mzee, mlale, feni iwake.

Ningefanya Alhamisi mpaka Jumapili. Alhamisi mkifika msiende popote, oga, kula, lala, labda jioni tuktuk iwapitishe karibu na maji mama aone tu kwamba amefika.

Ijumaa asubuhi mpeleke stesheni. Reli ilifika hapo Disemba 1901, wakati mahali hapo paliitwa Port Florence, na mji wote umekua kutoka kwa hiyo stesheni na bandari yake. Msiende mbio. Mama atasimama mahali ambapo wewe huoni kitu, yeye anaona baba akitoka kazini, na huyu msichana wa TikTok mpe simu amrekodi nyanya yake akisimulia, niamini hiyo video ataitunza kuliko ya simba. Kutoka hapo mnaweza kupitia makumbusho ya Kisumu kwa barabara ya Nairobi, ilifunguliwa 1980, mwaka mmoja tu baada ya wazazi wako kuhama kwa hivyo mama hajawahi kuiona, na ndani kuna boma zima la Kijaluo limejengwa vile linafaa, nyumba ya mke wa kwanza mahali pake, ya wa pili mahali pake, maghala, zizi. Kuna nyoka na samaki na kobe pia, huyo wa miaka 6 atafurahi. Pako tambarare, magoti hayatalia.

Ijumaa jioni Dunga. Mkifika kwanza mchague samaki na muagize, manake kupikwa kunachukua muda, alafu ndio watoto wapande boti, mkirudi sahani iko mezani. Mama aitishe ngege, na ugali, na osuga, ile mboga ya mnavu, kama ipo, aangalie kama ni ile ya zamani. Watoto waulizie minofu ya mbuta, ngege ina miiba mingi. Kwa boti kila mtu avae jaketi la kuelea kabla haijasukumwa, na mwenye boti akisema hayatoshi mtafute mwingine. Mama asilazimishwe kupanda, kuingia boti ni kuruka ukingo, lakini akitaka mwenyewe basi ni asubuhi maji yakiwa yametulia, mchana upepo huleta mawimbi. Viboko mtawaona kwa mbali, na mbali ndio kuzuri. Hippo Point ni hapo karibu, hiyo mhesabu imeisha.

Kuogelea hapana. Hii sitabembeleza. Ziwa lina kichocho, watoto hata kusimama kwa maji ya magotini huko ufuoni ni kujitafutia, na viboko wanatembea kando kando. Kama huyu msichana anataka maji kuna hoteli zenye swimingi puli zinazoruhusu watu wa nje kulipa, wifi atajua ni gani safi.

Jumamosi asubuhi na mapema Impala, wanyama ndio wako macho na watu bado wachache. Simba na chui wako kwa vizimba, swala wanatembea hapo karibu nawe, na kuna nzohe, swala wa majimaji ambaye watoto wako hawajamuona pale Lake Nakuru. Langoni, wale wa KWS, shirika la wanyamapori, hawachukui pesa mkononi, lipa kwa eCitizen usiku ule ukiwa kitandani, usianze kutafuta pasiwadi mama amesimama juani. Alafu mchana wote mpaka usiku ni kwa wifi. Kumbuka hizo ngazi za floo ya tatu, mama apande mara moja na ashuke mara moja, polepole na kupumzika kila floo, msimpandishe asubuhi na jioni tena.

Jumapili ndiyo siku kubwa ya Kibuye, kwa hivyo amka mapema mwende wewe na wifi peke yenu, mama abaki na chai yake. Hapo ndio mtaongea yenu, wanawake wawili na vikapu, na kama kulikuwa na kinyongo kimebaki kitaishia kwa mafungu ya omena. Saa tano muwe steji.

Zilizobaki nimekata na sababu iko. Kit Mikayi ni kama kilomita 30 kwa barabara ya Bondo, mahali pazuri, mawe makubwa yamebebana na watu huenda kuomba hapo, lakini kupanda ni kwa watu wa magoti mazima, iwe safari ya baadaye ukiwa na bwanako. Ndere na Kogelo kila moja inakula siku nzima. Msitu wa Kakamega unahitaji kulala huko. Na picha ya ikweta si lazima iwe ya Maseno, hapo Mogotio mnaweza kwenda kutoka Nakuru Jumapili yoyote na kurudi kula chakula cha mchana nyumbani.

Pesa, 40,000 itatosha ukianza na kitanda cha mama na nauli, hizo zilipwe kwanza. Toa 8,000 uweke kando usiiguse, ni ya hospitali ama gari ikiharibika, na ikirudi nzima umpe mama mwenyewe. Inayobaki ugawe kwa siku, ikiisha ya siku imeisha.

Kitu ya mwisho ufanye usiku wa leo kabla hujapiga simu yoyote. Kaa na mama umuulize nyumba yao ya reli ilikuwa upande gani, namba ngapi, jirani walikuwa nani, kulikuwa na mti gani. Uandike. Alafu mtume wifi apite hapo aangalie kama bado iko, manake miaka ni mingi na mambo ya ardhi ya reli yamebadilika, na kama imebomolewa mama aambiwe akiwa nyumbani kwake Nakuru, amekaa, na wewe uko karibu, asikute kiwanja kitupu mbele yake. Kama bado imesimama usimwambie kitu.